Vijiua vya Uzi wa Kilemba

Kotla Bhaini, Patiala
4 Desemba

Kwako kaka yangu Nirvair,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, kuanzia kwa mama mkubwa Tejo, ambaye anasema umemsahau, hadi kwa yule nyati wetu mzee, ambaye bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa mimi. Je, u hali gani? Na mgongo? Wifi Harpal aliniambia kuwa daktari amekukataza kuinua ndoo za maziwa, nawe ukamjibu kwamba ng'ombe wa Italia hawajui kusoma cheti cha daktari. Kaka, acha ubishi. Mwanao Ekam anaoa, utahitaji mgongo wa kuchezea ngoma.

Sisi huku hatujambo. Ukungu umeanza mapema mwaka huu, basi la saa mbili linafika saa nne, na dereva akiulizwa anasema tumshukuru kwa kuwa limefika. Ngano imeota vizuri. Mama mkubwa ana kikohozi chake cha kila baridi, lakini ulimi wake hauumwi kamwe.

Utajiuliza kwa nini Sukho mwenye simu anapoteza karatasi. Nitakwambia. Kwenye simu wewe hukatiza maneno ya watu, na mimi husema uongo. Hapa huwezi kunikatiza, na mimi nikiandika uongo nitauona unanitazama. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa.

Nianze na habari za harusi. Nyumba imepakwa chokaa, na chumba cha Ekam na mkewe kimewekwa milango mipya. Lile tangi la maji la umbo la ndege uliloagiza limeshakaa juu ya paa, jeupe pe, na mkia wake umeelekea kwa jirani. Mama mkubwa kila asubuhi huliangalia, kisha huuliza itaruka lini, maana abiria wote wa kijiji hiki walishaondoka zamani. Navreet, mkweo mtarajiwa, alikuja na mama yake kutoka Nabha. Ni binti anayecheka kwa sauti, na alikula vipande vitatu vya mkate wa mahindi bila kubembelezwa. Nimempenda. Aliomba kuona kazi zangu za sindano, nikampeleka karakanani, chumba cha chini hapahapa nyumbani.

Kazi yangu inaendelea. Tuko wanawake kumi na mmoja sasa. Tunatarizi kwa mshono uleule wa fulkari wa bibi zetu, ila badala ya kufunika vichwa tunafunika kuta. Mwaka huu nimeshona milango ya kijiji chetu iliyofungwa kufuli, milango thelathini na miwili, kila mmoja kwa rangi yake, na watu wa Chandigarh wameitundika ukumbini. Mama mkubwa alipoiona alisema hajawahi kuona mtu anayeshona kufuli kwa hariri, na akauliza kama bibi harusi atajitanda mlango kichwani. Nilimwambia hiyo ni sanaa. Akasema sawa, nayo sanaa iolewe basi. Ndiyo mambo yetu.

Sasa nije kwenye nguo.

Hadithi hii unaijua, lakini kila mtu kijijini ana yake, kwa hiyo acha niandike ilivyokuwa. Ekam alipozaliwa, Mama alifanya kama anavyofanya kila bibi anayepata mjukuu wa kiume. Aliwaita wanawake, akagawa sukari guru, akajifunga uzi mwekundu mkononi, akatia sindano ya kwanza kwenye nguo ya bustani, ile inayojazwa hariri ya dhahabu mpaka wekundu wa kitambaa usionekane. Nguo ya namna hiyo haina haraka. Bibi huishona mtoto akikua, na siku mjukuu anapoleta mke, bibi humfunika nayo bibi harusi mlangoni. Mke anaingia nyumbani chini ya mkono wa bibi.

Ekam alikuwa na miaka minne mlipoondoka. Mwaka uliofuata ikaja picha yako umesimama mbele ya zizi la wazungu, kichwa wazi bila kilemba, nywele ambazo dini yetu inakataza kukata zimekatwa. Uliandika kwamba bila hivyo usingepata kazi. Mama aliitazama picha kwa muda, akaipindua kifudifudi juu ya kabati, halafu akasema mbele yangu, mbele ya mama mkubwa, na mbele ya muuza bangili, ambaye ndiye aliyekosa breki mdomoni, kwamba kuanzia siku hiyo hatatia tena sindano kwa ajili ya nyumba ile. Nguo ikaingia sandukuni. Maneno yakakufikia Italia kabla ya barua yangu. Tangu hapo wewe na Mama mkawa mnazungumza kwenye simu habari za mvua na nyati tu, kama watu waliokutana kituo cha basi.

Na alipofariki ulifika moto wa mazishi yake umeshazimika. Ulisimama uani na begi lako begani, ukaniuliza kama Mama alikutaja. Nikakujibu kwamba hakutaja mtu. Ilikuwa kweli, siku zile za mwisho hakuweza kusema. Lakini niliona jinsi jibu hilo lilivyokupiga, na sikuongeza hata neno moja la kukupoza. Ukaondoka siku ya tatu, na miaka sita hujakanyaga tena uwanja huu.

Kwa hiyo uliponipigia mwezi wa kumi nilielewa ulichokuwa unaomba. Ulisema niitoe ile nguo nimalizie palipobaki, hata kama ni robo tatu, ili Navreet aingie nyumbani amefunikwa. Ulisema, nami nakumbuka kila neno, kwamba hata kama Mama alikukasirikia mpaka kufa kwake, kile kipande alichokishona kabla ya hasira ni chake, na mkweo akipita chini yake itakutosha. Kisha ukakohoa na kuanza kuniuliza bei ya mbolea.

Nililifungua sanduku kesho yake. Nilitegemea robo ya nguo. Kaka, nguo ilikuwa imekwisha. Ilibaki pembe moja tu, upana wa kiganja. Nikaitandaza juu ya kitanda cha kamba, dhahabu tupu kutoka ncha hadi ncha, na katikati ya dhahabu hiyo vijiua kumi na saba vya buluu vilivyotawanyika. Si buluu ya hariri. Ni uzi wa pamba, umefifia, haung'ai hata ukiugeuzia jua.

Unajua desturi ya kuacha ua moja la rangi nyingine, ili nguo isiwe kamilifu na kijicho kipate pa kutua. Lakini ni ua moja. Kumi na saba ni kijicho cha mji mzima. Chini kabisa ya sanduku nikakuta kilemba chako cha buluu, kile ulichokiacha kwenye msumari siku ya safari kwa sababu ulivaa kipya. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, na upindo wake mmoja umechomolewa nyuzi.

Nikapanda darini kwa mama mkubwa Tejo, alikokuwa anaota jua na kumenya njegere. Nikamuuliza. Kwanza alijifanya kiziwi. Nikamwambia sishuki. Ndipo akasema kwamba Mama alishona nguo ile miaka yote, hapohapo darini, mchana, mimi nikiwa kazini mjini, na basi langu likipiga honi njia panda nguo inaingia kwenye foronya. Alimuapisha mama mkubwa asiseme. Na kila Januari, asubuhi ya sikukuu ya Lohri, kabla watoto hawajapita kuomba kuni za moto wa jioni, alichomoa uzi kwenye kilemba chako akashona kijiua kimoja. Lohri moja, kijiua kimoja, tangu mwaka ule wa picha mpaka alipokufa. Mama mkubwa anasema alimcheka siku moja, akamuuliza kiapo kimekwenda wapi. Mama akamjibu kwamba ulioapa ni mdomo, mkono haukuapa.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la uani. Hakukutaja kwa mdomo. Alikutaja mara kumi na saba.

Ungekuwa mwisho wa barua hapa, mimi ningekuwa dada mwema. Lakini kuna lile neno nililokwambia kwenye simu, kwamba nguo imetoboka sehemu kumi na sita kwa sababu ya wadudu, na wewe ukaniambia nijaze tu na dhahabu, usijali, Sukho. Kaka, hakuna wadudu. Sanduku ni la bati, na Mama alilijaza majani ya mwarobaini. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mdudu ni mimi.

Nisikilize vizuri usije ukanitetea. Sikuvifumua vile vijiua kwa kutojua. Ningekuwa nimedhani ni makosa ya macho yake, ningesema. Mama mkubwa alishaniambia yote. Nilishuka ngazi nikiwa najua, nikakaa karakanani wenzangu walipokwenda kula, nikachukua sindano na mkasi mdogo, nikaanza na kijiua cha kwanza.

Nilikuwa na wivu. Naona hata aibu kuandika neno dogo kama hilo mwanamke wa miaka hamsini na moja. Mimi ndiye niliyebaki. Nilimwogesha, nilimbeba, nilimlisha kwa kijiko mpaka mwisho, na ninyi mlituma picha za theluji. Unakumbuka uchumba wangu ulivyovunjika, yule mama wa Sangrur alipoona namimina chai kwa mkono wa kushoto, akaweka kikombe chini, akasema mwanawe hawezi kulishwa kwa mkono huo. Nguo mbili alizonishonea Mama kwa ajili ya harusi yangu, mwaka wa pili aliwagawia mabinti wa mjomba. Alisema hariri haihifadhiwi kwa mtu asiyekwenda popote. Hakusema kwa ubaya. Lakini alisema. Na sasa nakuta nguo ya aliyeondoka ina kumbukumbu ya kila mwaka, na mimi niliyekaa sina hata uzi. Nikafumua. Siku ya kwanza vitano, siku ya pili sita, siku ya tatu vitano. Sikulia, mikono ilikuwa imetulia kama inakata kucha.

Kijiua cha kumi na saba nilikiacha mwisho kwa sababu kilikuwa karibu na ile pembe tupu. Nikaigeuza nguo upande wa nyuma ili nipate ncha ya uzi. Sisi hushona kwa nyuma, unajua, tunaokota uzi mmoja wa kitambaa na kuruka nyuzi tano, na ua linajitokeza upande wa pili tusikouona. Mbele maua yote hufanana. Nyuma ndiko mkono wa mtu unakoonekana. Vitone vya mshono wa Mama nguo nzima vinalalia upande mmoja, maana alishona kwa mkono wa kulia. Vitone vya kijiua kile vililalia upande wa pili. Katika nyumba yetu, kaka, mtu wa mkono wa kushoto ni mmoja tu.

Nilikitazama kama mtu aliyekuta sahihi yake kwenye hati asiyoikumbuka. Kisha nikakumbuka. Ilikuwa Lohri yake ya mwisho. Nilikuwa nimechelewa basi, shali iko begani. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshafungwa na mtoto wa jicho, alinishika mkono. Alinionyesha foronya yenye kitambaa kilichokunjwa hadi kikaonekana kipande cha upana wa kiganja tu, akanipa sindano yenye uzi wa buluu, akaniomba nimshonee kijiua kimoja hapo. Nilidhani ni kitambaa cha jirani. Nikamwambia basi linaniacha. Akasema basi litangoja, ila mkono wake haungoji tena. Nikakishona nimesimama, nimenuna, bila hata kuuliza. Nilipokata uzi akapitisha kidole juu yake, akasema mkono wa kushoto umeshona vizuri kuliko wa kulia. Nikamwambia haya, kwaheri, nikakimbia. Kwa miaka sita sikuwahi kulifikiria tena neno lile.

Kumbe ule mkono uliokataliwa na yule mama wa Sangrur ndio aliouchagua umalizie. Alikuwa na mama mkubwa, fundi kuliko mimi, ameketi pembeni yake kila siku, anajua siri yote. Hakumpa yeye sindano. Alinipa mimi.

Niliweka mkasi chini. Hapo ndipo nililia, kaka, na sikulia kistaarabu. Mama mkubwa alisikia, akashuka na fimbo yake, akaona nguo, akaona zile nyuzi mezani, akaelewa. Sijawahi kutukanwa hivyo tangu nizaliwe. Aliniita kunguru, aliniita mwizi wa marehemu, akasema nimekata pua nikidhani nitaunga wajihi. Akamaliza matusi yote, akavuta pumzi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaniletea mboga ya haradali na siagi, akakaa kunitazama mpaka nikafuta sahani, halafu akaondoka bila kunisemesha, na hakunisemesha kwa siku nne. Kwa mtu kama yeye hiyo ni saumu.

Kwa hiyo nguo iko hivi. Ile pembe nimeimalizia kwa dhahabu. Kijiua cha kumi na saba kipo. Sehemu kumi na sita ziko wazi, wekundu unaonekana, na sikuzijaza dhahabu kama ulivyoniambia. Nyuzi nilizofumua nimeziweka kwenye kisanduku cha kiberiti, lakini ni vipande vifupi, hata sindanoni havitungiki. Wenzangu waliniambia nirudishie kwa uzi wa kilemba, hakuna atakayejua. Naweza. Ningeiga mpaka mlalo wa vitone vyake, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini nilishaingiza mkono wangu mahali pasipo pangu mara kumi na sita, sitauingiza tena.

Ninalokuomba ni hili. Umekata tiketi ya kufika siku moja kabla ya harusi, kama mgeni wa mbali. Ibadilishe, uje siku kumi kabla. Uje na miwani ya kusomea. Utakaa nami darini, nitakufundisha kutia sindano kwa nyuma, kuokota uzi mmoja na kuruka tano, na utashona vijiua kumi na sita kwa uzi wa kilemba chako mwenyewe. Viwili kwa siku vinawezekana hata kwa mkamuaji wa ng'ombe. Najua wanaume wa kijiji watakuja kukucheka. Mama mkubwa amesema waje tu, njegere zipo, atawapa za kumenya. Vitakuwa vibaya, kaka, vitapinda, na wanawake wa Nabha wataviona. Waache wavione. Navreet ataingia chini ya mkono wa bibi, na wa baba, na kijiua kimoja cha shangazi, na nadhani nguo itaweza kutubeba sote.

Kama umenikasirikia, kasirika, una haki. Lakini usiniambie kwenye simu, na usinisamehe kwenye simu. Njoo ufanye yote mawili hapa.

Nisalimie wifi Harpal, mwambie zile bangili za mkwe zimefika na hazikuvunjika hata moja. Ekam mwambie shangazi yake anamtaka aje amenyoa au hajanyoa, mradi aje amekula kidogo, maana huku atalishwa. Mama mkubwa anakusalimia na kukuuliza ndege ya juu ya paa ije ikuchukue au utapanda ya watu. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Sukhwant

Nimesahau jambo moja. Leo nimekipima kilemba kwa ajili ya kazi yako. Zimebaki mita nne na nusu. Mama alikuwa akichomoa uzi mmoja tu kwa mwaka, na alikuwa amepiga pindo upande wa pili ili kisichakae, kama mtu aliyejipanga kukungoja miaka mia.